Dozi ya Kwanza, Dozi ya Nyongeza: Namna ya Kupima Uamuzi Wako Wakati wa Janga

Wakati wa janga, swali linaloulizwa na watu wazima wengi ni moja: "Hivi chanjo hii ni salama?" Ni swali la haki kabisa, ila limeachwa nusu. Limeitaja sindano, likausahau ugonjwa. Anayechanjwa amekubali hatari ndogo ili akwepe nyingine. Anayesubiri naye amekubali hatari, ile ya kukutana na kirusi akiwa na kinga aliyonayo leo.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba kila dozi ni swali jipya. Mtu aliyefaidika sana na dozi mbili za mwanzo anaweza kufaidika kidogo tu na ya nne, huku jirani yake mwenye figo dhaifu akiihitaji hiyo ya nne kwelikweli. Kwa hiyo "mimi huchanjwa" au "mimi sichanjwi" hayamsaidii mtu kitu. Kinachosaidia ni hesabu ya mwili wako, kwa ugonjwa uliopo, kwa miezi hii.

Mifano mingi nimeichota katika janga la UVIKO-19, kwa sababu chanjo zake zimefuatiliwa kwa karibu mno, kwa mabilioni ya dozi. Njia ya kupima ni ile ile hata kwa janga jingine. Tafuta karatasi na kalamu. Nasema hivyo kwa dhati: hofu ikiwa kichwani tu huzunguka pale pale, ikiandikwa huanza kuonekana ukubwa wake halisi.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa unamwumiza nani

Usidhani kila janga huanza na wazee. Mafua ya 1918 yaliua kwa wingi watu wa miaka 20 hadi 40. Mafua ya H1N1 ya 2009 yaliwapa nafuu wazee wengi, kwa kuwa miili yao iliwahi kukutana na virusi vya ukoo huo zamani. Vijana na wajawazito ndio waliobeba mzigo. UVIKO-19 ukageuza mambo: umri ukawa ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kiasi kwamba mtu wa miaka 80 alikuwa na uwezekano wa kufa mara mamia kuliko kijana wa miaka 20.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma chochote kuhusu chanjo, soma kuhusu ugonjwa wenyewe. Kisha andika kwenye karatasi yako:

- Umri wako.
- Maradhi ya kudumu: kisukari, moyo, figo, mapafu, ini, saratani, unene uliopitiliza, selimundu, VVU.
- Dawa zinazoshusha kinga: steroidi za muda mrefu, dawa za saratani, dawa za waliopandikizwa kiungo, dawa za baridi yabisi.
- Ujauzito, au mpango wa kupata ujauzito.
- Kazi inayokukutanisha na wagonjwa au umati.
- Unaoishi nao nyumba moja, hasa wazee na wagonjwa.

Kuhusu ujauzito niseme wazi, maana hapa ndipo uvumi ulipoumiza watu sana. UVIKO-19 kwa mjamzito uliongeza uwezekano wa kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kujifungua kabla ya wakati na kujifungua mtoto mfu. Chanjo za mRNA, zile zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili ujifunze kukitambua, zilifuatiliwa kwa wajawazito wengi mno na hazikuonekana kuongeza mimba kuharibika, na kingamwili za mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Mjamzito aliyeambiwa tu "subiri ujifungue" alipewa nusu ya maelezo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliwagawa watu katika makundi matatu ya kipaumbele kwa chanjo ya UVIKO-19. La juu lina wazee, watu wazima wenye maradhi mazito ya kudumu, wenye kinga iliyoshuka, wajawazito na wahudumu wa afya walio mstari wa mbele. La kati ni watu wazima wengine wenye afya, pamoja na watoto wenye maradhi. La chini ni watoto na vijana wadogo wenye afya. Jiweke kwenye kundi lako bila kujionea huruma wala kujivika ushujaa.

Hatua ya 2: Hesabu kinga uliyonayo

Andika tarehe ya kila dozi uliyopata na jina la chanjo. Andika pia kila mara uliyougua, ukiweka alama pale ulipothibitishwa kwa kipimo na pale ulipokisia tu.

Mwili una askari wa namna mbili. Kingamwili huelea kwenye damu na majimaji ya pua na koo, na hukidaka kirusi mlangoni. Idadi yake hupanda wiki mbili hivi baada ya dozi, kisha hushuka ndani ya miezi michache. Nyuma yake kuna chembe za kumbukumbu, ambazo huishi muda mrefu zaidi na huamka kirusi kikishaingia ndani. Ndiyo sababu mtu aliyechanjwa anaweza kupata mafua na homa miezi sita baadaye lakini asifike kwenye oksijeni. Wengi walioona hivyo walisema chanjo imeshindwa. Sikubaliani nao. Kinga ya kutoambukizwa ilikuwa imepungua, na kinga ya kutougua vibaya bado ilikuwa kazini. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayookoa maisha.

Kuugua nako kunajenga kinga, na aliyeugua kisha akachanjwa ana kinga pana kuliko mwenye kimoja tu. Tatizo la kuutafuta ugonjwa makusudi ni kwamba bei yake huijui hadi umeshailipa.

Watu huuliza kama wapime kingamwili ili waamue. Kwa UVIKO-19 haikushauriwa. Kipimo kinaonyesha kwamba kingamwili zipo, lakini hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema "hapa umekingwa, hapa hujakingwa", na chembe za kumbukumbu hakizioni kabisa.

Hatua ya 3: Zisome namba kabla hazijakusoma wewe

Hapa ndipo watu wenye akili timamu hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Novemba 2020 dunia ilisikia kwamba chanjo ya Pfizer na BioNTech ina ufanisi wa asilimia 95. Wengi walielewa kwamba watu 5 kati ya kila 100 waliochanjwa wataugua. Sivyo. Jaribio lilikuwa na washiriki wapatao 43,000. Nusu walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua amepata ipi. Watu 170 waliugua. Kati yao 162 walikuwa wa maji ya chumvi na 8 wa chanjo. Hiyo 95 inalinganisha 8 na 162. Katika kundi la waliochanjwa, waliougua ni watu 8 kati ya zaidi ya 18,000 kwa kipindi cha takriban miezi miwili.

Wapinzani wakaja na hesabu nyingine: bila chanjo waliugua chini ya mtu 1 kati ya 100, kwa hiyo faida "halisi" haifiki asilimia 1. Hesabu ni sahihi, matumizi yake ndiyo yanayopotosha. Namba hiyo inategemea ugonjwa ulivyosambaa na urefu wa jaribio. Wimbi likipanda, au muda ukienda mwaka mzima, faida hiyo hukua. Kwa hiyo jiulize mawili kwa pamoja: chanjo inapunguza hatari kwa sehemu gani, na hatari yangu yenyewe ni kubwa kiasi gani sasa hivi?

Mtego mwingine ni habari ya kwamba "nusu ya waliolazwa walikuwa wamechanjwa". Tufanye hesabu ya kubuni. Chukua watu 1,000, kati yao 900 wamechanjwa na 100 hawajachanjwa. Tuseme wanalazwa 9 waliochanjwa na 10 wasiochanjwa. Wodini utaona karibu nusu kwa nusu. Lakini 9 kati ya 900 ni mtu 1 kati ya 100, na 10 kati ya 100 ni mtu 1 kati ya 10. Asiyechanjwa yuko kwenye hatari mara kumi. Kila ukikutana na kichwa cha habari cha namna hiyo, uliza: waliochanjwa ni wangapi kwa jumla katika jamii hiyo?

Halafu kuna kile kinachouma wengi: "imetengenezwa haraka mno". Kilichokwenda haraka ni fedha, makaratasi na idadi ya wagonjwa. Utafiti wa protini ya miiba ya virusi vya korona ulikuwa umeanza tangu milipuko ya magonjwa ya ukoo huo, SARS ya 2003 na MERS ya 2012. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 ugunduzi uliofanya mRNA ivumiliwe na mwili, na wakapewa Tuzo ya Nobel 2023. Hatua za majaribio zilipandanishwa badala ya kufuatana, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kila mahali, majibu yalipatikana ndani ya miezi.

Hatua ya 4: Yataje madhara kwa majina yake

Hofu isiyo na jina hukua bila kikomo. Tuyaite majina.

Maudhi ya kawaida ni maumivu ya mkono, uchovu, kichwa kuuma, homa, baridi na viungo kuuma. Huanza ndani ya siku moja au mbili na huisha ndani ya siku tatu hivi. Tezi za kwapa upande uliochomwa zinaweza kuvimba kwa muda; kama una miadi ya kupiga picha ya matiti, mwambie mpigapicha umechanjwa lini na mkono upi. Wala kutopata maudhi yoyote hakuna maana kwamba chanjo haikufanya kazi.

Madhara mazito yapo, na anayekwambia hayapo hakuheshimu.

Mshtuko wa mzio ulikadiriwa kutokea mara 5 hivi kwa kila dozi milioni 1 za mRNA, mara nyingi ndani ya nusu saa, na unatibika papo hapo kwa adrenalini. Ndiyo maana unaambiwa ukae dakika 15 baada ya sindano, au 30 kama umewahi kupata mzio mkali.

Kuvimba kwa misuli ya moyo kulionekana zaidi kwa wanaume vijana baada ya dozi ya pili ya mRNA. Takwimu za Marekani za 2021 zilikadiria matukio kama 50 kwa kila dozi milioni 1 za pili kwa wanaume wa miaka 18 hadi 24, yaani kijana 1 kati ya 20,000 hivi. Wengi walipona. Kurefusha muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili hadi wiki 8 kulipunguza hatari hiyo, jambo ambalo kijana mwenye afya anaweza kabisa kulijadili na daktari wake.

Kuganda kwa damu pamoja na kushuka kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kulihusishwa na chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson; kwa hii ya pili makadirio ya Marekani yalikuwa takriban tukio 1 kwa kila watu 250,000 waliochanjwa. Kuna somo kubwa hapa. Aprili 2021 Uingereza iliwashauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine badala ya AstraZeneca, na Mei ikapandisha hadi chini ya miaka 40. Kwa wenye umri mkubwa iliendelea kuitumia. Chanjo ni ile ile, dhara ni lile lile, lakini majibu yakawa mawili, kwa sababu upande wa pili wa mizani, yaani hatari ya ugonjwa, haukuwa na uzito sawa kwa kijana na kwa mzee. Hivyo ndivyo uamuzi mzuri unavyofanyika.

Na ipo mara moja ambapo mizani iliangukia upande wa pili kabisa. Mwaka 1976 Marekani ilichanja watu zaidi ya milioni 40 kujikinga na mafua ya nguruwe. Ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré ukaongezeka kwa mtu 1 hivi kwa kila 100,000 waliochanjwa, na janga lenyewe halikutokea. Zoezi likasimamishwa Desemba mwaka huo. Hatari ndogo ikawa haikubaliki, kwa kuwa hapakuwa na ugonjwa wa kuilinganisha nao.

Neno kuhusu orodha za "vifo baada ya chanjo" zinazosambazwa mitandaoni. Mifumo ya kupokea taarifa za madhara hupokea kila kitu kilichotokea baada ya sindano, kiwe kimesababishwa nayo au la. Ukichanja mamilioni ya wazee, baadhi watapata kiharusi wiki hiyo hiyo, kama ambavyo wangepata bila sindano. Taarifa hizo ni kengele ya kuanza uchunguzi. Wachunguzi hulinganisha: je, tukio hili limezidi idadi ya kawaida kwa umri huu?

Hatua ya 5: Nyongeza, sasa au baadaye?

Kama hujapata dozi za msingi na uko kundi la juu, faida yako kubwa iko hapo. Anza. Kama ulichelewa dozi ya pili, huanzi upya, unaendelea ulipoishia.

Kama umemaliza dozi za msingi, rudi kwenye karatasi yako na uangalie tarehe ya mwisho uliyochanjwa au kuugua.

Mzee, mwenye maradhi mazito au mhudumu wa afya: kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilishauri nyongeza miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho, kutegemea umri na hali ya mtu. Kwenye kundi hili sioni sababu ya kungoja toleo jipya zaidi kama lililopo linapatikana leo na wimbi linapanda. Aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, Omicron, ilipotajwa rasmi Novemba 2021, waliokuwa wamepata nyongeza ya toleo la zamani walikingwa dhidi ya kulazwa kuliko wasioipata, ingawa kirusi kilikuwa kimejigeuza sana.

Mwenye kinga iliyoshuka: kwa UVIKO-19, dozi ya tatu kwako mara nyingi ilikuwa sehemu ya dozi za msingi, kwa kuwa mbili hazikutosha kuamsha mwili. Muda ni kila kitu. Baadhi ya dawa za sindano zinaweza kufunga uwezo wa kutengeneza kingamwili kwa miezi, kwa hiyo mwulize mtaalamu wako chanjo iingie wapi kati ya dozi za dawa. Usiache dawa mwenyewe. Watu unaoishi nao wakichanjwa, hilo nalo linakulinda, na jua mapema utapata wapi dawa ya virusi. Zile za vidonge za UVIKO-19 zilitakiwa kuanzwa ndani ya siku 5 za mwanzo wa dalili.

Uliyeugua karibuni: miongozo mingi iliruhusu kusubiri kama miezi mitatu baada ya kuugua, kwa kuwa mwili umejichanja wenyewe. Subiri angalau upone homa.

Kijana mwenye afya aliyekamilisha dozi za msingi: faida yako kwenye nyongeza ya tatu au ya nne ni ndogo, na kusubiri si dhambi. Kinachoweza kubadilisha jibu ni kuishi na mgonjwa, kupata ujauzito, kazi mpya hospitalini, au kirusi kipya kinachoumiza vijana. Weka tarehe ya kulifikiria tena, lisiishie hewani.

Ukiwa na tukio mbele yako, kama upasuaji au kwenda kumuuguza mzazi, chanjwa angalau wiki mbili kabla. Na kuchanganya chanjo za kampuni tofauti kusikutie hofu: walioanza na AstraZeneca wakafuatia na mRNA walionyesha mwitikio wenye nguvu.

Hatua ya 6: Ukae na mtu anayejibu

Mama yangu ana kisukari. Alikwenda kuchanjwa akiwa na maswali manne, akamkuta mhudumu mwenye foleni ndefu aliyemjibu, "Mama, wewe unataka au hutaki?" Akarudi nyumbani bila kuchanjwa. Hakuwa anapinga; alikuwa hajajibiwa. Tulikaa mezani na karatasi kama hii yako, akaenda siku nyingine, saa yenye watu wachache, akasoma maswali yake moja moja na kujibiwa. Akachanjwa. Bado naumia nikiwafikiria ambao hawakurudi.

Andika yako kabla hujatoka. Haya yawemo: Kwa umri na maradhi yangu, napunguza hatari gani hasa? Ni aina gani ya chanjo, na ipo nyingine? Kwa dawa ninazotumia, ni wakati gani mzuri? Nilipata tatizo hili baada ya dozi iliyopita, je, linabadilisha chochote?

Lazima useme wazi kama umewahi kupata mzio mkali wa chanjo au wa kiungo chake, kama polietilini glikoli, kemikali iliyomo katika chanjo za mRNA. Kama misuli ya moyo iliwahi kuvimba baada ya dozi. Kama una homa kali leo. Kama kinga yako imeshuka au una mimba, maana zipo chanjo za virusi hai ambazo hutapewa. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wa mwisho hawazuiliwi kwa kawaida. Hutumika sindano nyembamba, kisha pakandamizwe kwa dakika 2 bila kusugua.

Siku ya sindano na wiki zinazofuata

Kula, kunywa maji, vaa nguo inayofunua bega. Kama huwa unazimia ukiona sindano, sema, uchomwe ukiwa umelala. Usimeze dawa ya homa kabla kwa kujihami. Ukiumwa baadaye, parasetamoli inafaa. Jipange usiwe na kazi nzito kesho yake.

Kikohozi, mafua ya kutiririka na kupoteza harufu si maudhi ya chanjo. Ukiyapata, pima, huenda uliambukizwa kabla ya sindano.

Nenda hospitali bila kusubiri ukipata uso au koo kuvimba na pumzi kubana. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi, hasa wiki ya kwanza. Kichwa kuuma vikali kusikokoma, kuona ukungu, mguu kuvimba, tumbo kuuma sana au vidoa vya damu chini ya ngozi, kuanzia siku ya 4 hadi wiki ya 6. Au miguu kulegea, ulegevu ukipanda kwenda juu. Mwambie daktari kwa sentensi ya kwanza kwamba umechanjwa, lini na chanjo ipi. Kwa kuganda kwa damu kule kulikotajwa juu, sentensi hiyo ilibadilisha matibabu, kwa kuwa heparini, dawa iliyozoeleka kwa damu iliyoganda, iliepukwa.

Piga picha cheti chako siku hiyo hiyo. Hakikisha kina tarehe, jina la chanjo na namba ya bechi. Ukipata dhara, litoe taarifa kwa kituo kilichokuchanja au kwa mamlaka ya dawa, ukitaja hayo matatu pamoja na saa dalili zilipoanza. Taarifa za namna hiyo, za mgonjwa mmoja mmoja mwanzoni mwa 2021, ndizo zilizofanya kuganda kule kwa damu kugundulike ndani ya miezi michache na umri wa wanaopewa chanjo hiyo ubadilishwe.